Sifa za Mkweche

Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400 kutoka duniani. Mwaka 1969 Wamarekani waliufikia kwa siku 4, huku maelfu ya wataalamu wakiwaangalizia chombo usiku na mchana. Corolla 110 iliyotoka kiwandani miaka ya tisini, ambayo leo mita yake inaonyesha kilomita 390,000, imekwishaupita huo mwezi, na wataalamu wake ni fundi mmoja wa chini ya mwembe na kijana wa kumshikia tochi. Wale wa mwezini walipewa nishani. Mkweche umepewa selotepu nyekundu kwenye taa ya nyuma.

Nasimama kuutetea.

Watu wa sevisi hupenda kututisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini ufa ukizibwa mapema, fundi ukuta atakula nini? Chukua mpira wa juu wa rejeta. Ukiubonyeza ukauona umelegea, una vijinyufa karibu na klempu, mtu bahili atanunua mpya siku hiyohiyo kwa shilingi elfu chache, na habari itaishia hapo. Mwenye moyo mpana ataufunga kwa raba ya tyubu kuukuu na kushika njia ya Iringa. Mlima wa Kitonga ataufikia. Kwenye zile kona, nyuma ya lori linalopanda kwa kujikongoja, mshale wa joto utaanza kupanda nalo. Mvuke utatoka kwenye boneti, abiria wa nyuma atashauri wapumzike, naye dereva atasema hapana, tusogee kidogo tu, kileleni si mbali.

Silinda hedi ni ya alumini, na alumini ikizidiwa na joto hupinda. Gasketi huachia, maji huingia kwenye oili, na ukichomoa kijiti cha kupimia unakutana na chai ya maziwa. Hapo ndipo neema inapoanza kugawanywa. Mwenye gari la kuvuta anapata chake. Anapata anayesawazisha hedi, anapata muuza gasketi, anapata bodaboda anayetumwa boliti moja moja, anapata mama ntilie anayewalisha mafundi kwa muda wote injini iko wazi. Mpira mmoja umelisha mtaa, na bado watu wanaita huo uzembe.

Tusiisahau thamostati. Mafundi wengi huing'oa wakisema hiyo ni ya nchi za baridi. Injini bila thamostati huchelewa kupata joto lake la kazi, kwa hiyo hunywa mafuta zaidi. Wauza petroli nao wamo kwenye orodha ya wanufaika.

Kasoro ninayoiona kwenye Corolla za injini ya 5A ni huruma. Mkanda wa taiming, ambao ungefaa kubadilishwa kila kilomita 100,000, ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Gari linazimika tu, unavutwa hadi gereji, unafungiwa mkanda mwingine, unaondoka. Ziko injini zenye ukarimu zaidi: mkanda ukikatika, valvu hupinda, na familia kadhaa za mafundi wa Gerezani hulipa ada za shule.

Halafu mkweche humsomesha hata mwenyewe. Mwenye gari jipya anajua tundu la mafuta na kitufe cha redio. Mwenye mkweche anajua bushi, boljointi na rakiendi, na kila moja huijua kwa mlio wake. Anajua kwenda Kariakoo na sampo mkononi, maana bila sampo atauziwa ya gari jingine. Anaijua na falsafa ya kaunta:

"Bosi, unataka orijino, au orijino yenyewe?"

"Kwani hii ya kwanza ni nini?"

"Hiyo nayo orijino, ila ya bei yako."

Chuo gani kinafundisha hivyo?

Na ni kitulizo cha moyo. Gari jipya humpigia kelele dereva kwa kila jambo. Kwenye mkweche, taa ya injini imezibwa kwa selotepu nyeusi, na amani imerudi. Mikweche mingine imefika mbali zaidi: mita yenyewe imekufa. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na mita inaonyesha kilomita zilezile za tangu mwaka juzi, sasa sevisi ya nini? Gari limeacha kuzeeka.

Serikali nayo inautambua utukufu huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hofu tu. Sisi Tanzania tunaliruhusu, kisha tunalitoza ushuru wa ziada kwa uchakavu wake, na ushuru wa ziada, kama tujuavyo, hutozwa vitu vya anasa.

Tatizo ni kwamba binadamu huchoka kabla ya mkweche. Siku hiyo huitwa dalali. Gari huoshwa, injini hupigwa dizeli ing'ae, oili nzito humiminwa ili moshi utulie kwa wiki moja, na picha husambazwa zikiwa na maneno ambayo hakuna mshairi aliyewahi kuyaandikia gari: injini haijaguswa, AC inagandisha, limetunzwa na mama mmoja wa ofisini, ni kuwasha na kuondoka, maongezi yapo.