Sifa za Marejesho Yasiyorejea

Mikopo yote ina ila. Wa benki una riba, wa kikoba una aibu ya kutajwa jina mbele ya wenzako, wa jirani huishia kwenye kununiana. Uliokamilika ni mmoja tu: ule ambao mwagizaji wa bidhaa huipa serikali bandarini Dar es Salaam, pale anapolipa ushuru usiomhusu kisha akaanza kudai arudishiwe. Mkopaji hakuomba, hakuweka dhamana, hakutia saini popote. Aliyekopesha ndiye anayepanga foleni, ndiye anayepiga pasi shati, ndiye anayemwamkia shikamoo afisa aliye sawa na kitinda mimba wake. Kwetu sisi tuliozoea kuwaona wadai wakibamiza milango ya wadaiwa, hili ni somo la adabu lisilofundishwa shule yoyote.

Kuupata mkopo huu serikali haihitaji hila, kosa dogo la karatasi linatosha. Chukua shehena yenye thamani ya shilingi milioni 40 ambayo kwa haki ilistahili ushuru wa asilimia 10. Msimbo ukiandikwa wa bidhaa inayofanana nayo, ikatozwa asilimia 25, badala ya milioni 4 zitalipwa milioni 10; na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kosa linazaa na mtoto. Kontena haliwezi kungoja mabishano, maana kila siku linalokaa bandarini lina gharama yake, basi mtu hulipa kwanza ili abishane baadaye. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu kudai alicholipa kimakosa, au ushuru wa mali iliyoharibika safarini, ilimradi awasilishe madai ndani ya miezi 12 tangu alipolipa. Miezi hiyo 12 ni kikomo chake yeye. Ikipita, deni limesamehewa, na aliyesamehe ni mwenyewe, pengine bila kujua kwamba amejaliwa ukarimu wa kiasi hicho.

Kilele cha sanaa hii, hata hivyo, ni sukari. Sukari ya viwandani, inayoingia kwenye soda, biskuti na peremende, hutozwa ushuru mwepesi kuliko sukari ya mezani. Tanzania ikahofia, tena kwa sababu ya haki, kwamba ingechepushwa hadi madukani na kuviumiza viwanda vya Kilombero, Mtibwa na Kagera. Kwa miaka kadhaa, basi, mwagizaji alitakiwa kulipa asilimia 15 ya ziada, arudishiwe ikishathibitika kwamba sukari yake kweli imeishia kwenye chupa za soda. Tazama uzuri wake. Katika marejesho ya kawaida kuna mtu aliyekosea, hapa hakuna. Pande zote mbili zinajua tangu asubuhi kwamba fedha ile ina mwenyewe, na inapokelewa hivyohivyo. Wenye viwanda walilalamika kwamba malimbikizo yamefika mabilioni, wakajibiwa kwa neno tamu kuliko sukari yenyewe: uhakiki. Serikali ikitaka kukopa kwa hatifungani hulazimika kutangaza mnada, kutaja riba na kuweka tarehe ya kuiva. Uhakiki hauna mnada, hauna riba, na tarehe yake ya kuiva ni siri hata kwa mkopaji. Kiwanda kikubwa huvumilia. Mwoka biskuti mdogo hukopa benki kwa riba ili aikopeshe serikali bila riba, na hapo nakiri koo la msifiaji hukauka kidogo.

Wapo watakaosema: lipeni upesi, yaishe. Hao nawapeleka Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kulikuwa na mpango wa fidia kwa wauzaji bidhaa nje, uliobuniwa kufuta makali ya ushuru wa malighafi. Kiwango cha kisheria kilikuwa asilimia 20. Kampuni ya Goldenberg ikapewa 35, kwa dhahabu na almasi ambazo sehemu kubwa hazikuwahi kuwapo. Mabilioni yalitoka hazina, na hakuna anayekumbuka foleni. Je, hiyo siyo sifa tosha ya ucheleweshaji? Mpinzani mwerevu atajibu kwamba mfano huu unanigeuka: faili lililokimbia lilikuwa la uongo, na uhakiki wa leo humkawiza mwenye risiti halali, kwani mwenye marafiki hapiti dirishani. Hoja hii ina nguvu, na heshima ninayoweza kuipa ni kutoijibu.

Lililobaki ni thamani ya fedha. Wamarekani, katika sheria yao ya ushuru ya Julai 1789, walikubali kumrudishia ushuru aliyesafirisha tena mali yake nje ndani ya miezi 12, wakajibakizia asilimia 1 kwa gharama za kazi. Ukosefu gani wa staha, kutaja bei ya usumbufu hadharani! Kwetu hakibakizwi kitu. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka, faili likilala miaka mitatu, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya fedha huwa imeliwa, wala hakuna mkono ulioonekana ukila. Na siku ikifika, mara nyingi fedha haigusi mfuko wa mwenyewe. Hukatwa moja kwa moja kufidia kodi nyingine anayodaiwa. Wakati huo meli nyingine imekwisha tia nanga, wakala anajaza tamko jipya, na kwenye nafasi ya msimbo kalamu imesita kati ya tarakimu mbili zinazofanana.