Fedha Zikiyeyuka

Kitenzi "kuyeyuka" kinastahili nishani. Barafu huyeyuka ikifika nyuzijoto 0 za Selsiasi, dhahabu 1,064, na fedha, yale madini meupe yanayofuliwa bangili, hungoja hadi 962. Fedha za kisima cha kijiji hazina maringo hayo: huyeyuka kabatini, kivulini, feni ikizunguka.

Barafu ya Kilimanjaro ni mvivu mno. Tangu 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na karne nzima baadaye mabaki yake bado yanaonekana. Fungu la kisima humaliza kazi hiyo kati ya bajeti na bajeti.

Tena sarufi yake ina adabu. "Zimeyeyushwa" lingempa mkorofi mmoja nafasi ya kuuliza: na nani? Ile -k- ya "zimeyeyuka" haimtaji mtenda. Mambo yamejitokea tu, kama sukari kwenye chai. (Ingawa sukari huacha utamu.) Ndiyo maana taarifa ikisomwa kikaoni, neno hilo hutamkwa kwa sauti ya pole, wajumbe wakaitikia kwa kichwa, naye msomaji akaendelea kukoroga kikombe chake taratibu, vijiko vinne.