Mwongozo kwa Mheshimiwa Anayetaka Kuhama Chama

Mheshimiwa, kama uko Songea na kadi yako imeanza kukuwasha mfukoni, soma haya kabla hujawaita waandishi wa habari.

1. Subiri ukatwe. Chama huoza siku chache baada ya jina lako kukatwa. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikatwa na CCM kwenye mbio za urais, Dodoma, Julai 2015. Mwezi haujaisha alikuwa Chadema. Ukiugundua uozo mapema, watu watadhani una msimamo.

2. Usifungashe kiti. Kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akiacha uanachama wa chama chake, na ubunge umekwisha. Lazaro Nyalandu alivua gamba la CCM Oktoba 2017 akavaa gwanda, na Singida Kaskazini ikarudi vituoni 13 Januari 2018. Chadema aliyoikimbilia ikasusia, kiti kikabaki CCM. Siku hiyohiyo nasi Songea Mjini tulipiga kura, ila sisi tulikuwa tumefiwa na mbunge wetu, Leonidas Gama. Ukifika Lizaboni, usiwaambie wazee kwamba mambo hayo mawili ni sawa.

3. Andaa sababu. Neno "cheo" lisikutoke. Ukienda upinzani, sema demokrasia. Ukienda CCM, unaunga mkono juhudi za Rais. Mwita Waitara aliondoka Chadema Julai 2018. Septemba alikuwa tena mbunge wa Ukonga. Jimbo lilelile, shati jipya.

4. Shati la kijani usimgawie bodaboda. Liweke sandukuni na dawa ya nondo. Lowassa alirudi CCM Machi 2019, Frederick Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani aliyehamia upinzani, Februari 2020, Nyalandu Aprili 2021. Hotuba ya kurudi ni fupi: nimerudi nyumbani.

5. Wapiga kura. Hapa hakuna maelekezo. Wao hawajahama, watapanga foleni upya.

6. Njia ya mkato. Lowassa alipokatwa, Emmanuel Nchimbi, wakati huo mbunge wetu wa Songea Mjini, alijitokeza na wenzake wawili kuupinga hadharani uamuzi wa Kamati Kuu. Watu wakasubiri afungashe. Hakufungasha. Akaenda Brazil kuwa balozi, kisha Misri. Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa CCM, na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nuna kwa sauti, kisha kaa. Kama kiti ni cha chama, anayekifikia ni yule aliyebaki sebuleni.