Sitini na Tatu

"Shikamoo mzee, hiyo haikubaliki."

Niliambiwa hivyo Ijumaa, mbele ya mhasibu, msaidizi wake na dereva aliyekuja kufuata fomu ya mafuta. Msemaji ni kijana wa fildi, kitambulisho cha chuo bado kinaning'inia shingoni. Kinachouma zaidi ni ile shikamoo. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Akikuamkia kwanza, huna budi kuitikia marahaba huku jasho linakutoka.

Kazi yenyewe ilikuwa kugawa mtandao wa ofisi katika subneti, yaani vipande, ili uhasibu wakae kwao na wageni wa Wi-Fi wasichungulie mishahara. Nikaketi kwenye kompyuta ya mhasibu, nikaandika anwani 192.168.1.63, maski 255.255.255.192, nikabonyeza OK. Ikakataa. Ikatoa kidirisha cha Kiingereza kwamba biti zote za sehemu ya mashine ni 1. Mhasibu akakisoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho. Dereva akauliza kama ni virusi.

Sasa 63 ina ubaya gani? Kwa macho yetu, hauonekani. Lakini kompyuta haioni 63, inaona 00111111. Anwani nzima ni biti 32, mafungu manne ya biti nane nane, ndiyo maana hakuna fungu linalozidi 255. Maski huamua biti zipi ni za mtandao na zipi ni za mashine. Ile 192 ya mwisho ni 11000000, yaani tumeazima biti mbili, na mbili hizo zinazaa vipande vinne: kinachoanzia 0, cha 64, cha 128 na cha 192. Utamu uko hapa: kompyuta ikitaka kutuma kitu, huiweka anwani ya mpokeaji juu ya maski, biti kwa biti. 1 ikikutana na 1 inabaki 1. Vinginevyo ni 0. Jibu likilingana na la kwake, huyo ni jirani, anapelekewa moja kwa moja. Lisipolingana, mzigo unapitia kwa ruta. Hakuna ramani wala orodha ya majina. Ni kuzidisha tu, tena kwa 0 na 1! Nilikesha nikigawa mitandao isiyokuwepo, mke wangu akadhani nabeti.

Kila kipande kina anwani 64, ila mbili hazikaliwi. Ya mwanzo ni ya kipande chenyewe. Ya mwisho ni ya mpiga mbiu: ukituma hapo, mashine zote za kipande zinasikia. Zinabaki 62. Na 63 ndiyo ya mwisho katika kipande cha kwanza, kwa hiyo nilikuwa namwajiri mhasibu kuwa mpiga mbiu.

Nikaendelea kugawa, na Jumatatu kamera ya getini ikapotea nusu siku. Printa ya stoo haionekani mpaka leo, ingawa ipo mezani.

Lakini nani alituamuru kubana anwani hivi? Anwani zote za mfumo huu wa biti 32 ni 4,294,967,296. Zamani wakubwa wa Marekani walipewa fungu zima zima: kila anwani inayoanza na 17 ni ya Apple, nazo ni 16,777,216. Msajili wetu wa Afrika, AFRINIC, alitambuliwa rasmi mwaka 2005, wakati mafungu manono yana wenyewe, na tangu Januari 2020 mwombaji hapewi zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Ndiyo maana ofisi nzima, pamoja na mkurugenzi na majigambo yake, inatoka nje kwa anwani moja ya umma, na ndani tunatumia hizi za 192.168 ambazo kila ofisi duniani inaruhusiwa kuzitumia bila kumwomba mtu.

Na usinitajie IPv6, mfumo mpya wenye anwani za biti 128. Nimemuuliza mtoa huduma wetu, kasema bado. Ile anwani yetu moja anaitoza ada kila mwezi, na mwezi uliopita ameipandisha.