Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Ufunguo wa Beit al-Ajaib

Mheshimiwa,

Mimi mla urojo wa Forodhani, Zanzibar. Kila nikitazama pale uliposimama mnara wa saa wa jumba la Beit al-Ajaib, hakosekani mtu wa pembeni wa kunipa kisa. Huyu atasema chini ya nguzo wamezikwa watumwa, ndiyo maana jumba halitulii. Mwengine atasema milango ilichongwa mipana ili sultani, Sayyid Barghash, apite juu ya tembo. Tembo hakuna aliyemwona, lakini kisa chake kimedumu kuliko paa.

Na wapo wanaosema ndani mna jini; mimi nimekuja kumtetea. Sisi jumba likikaa tupu tunalitafutia mpangaji, na likianguka lawama ni zake. Tuhesabu basi. Jumba lilijengwa 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zikapiga mizinga dakika 38 hivi. Kasri la jirani likawa kifusi, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, lenyewe likabaki wima. Mnara mpya ukapachikwa usoni pake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa skuli ya siasa ya chama cha Afro-Shirazi (ASP). Kuta zikasikiliza hotuba zote zile, na bado zikasimama! Kisha makumbusho, ndani yake mtepe, chombo cha baharini kilichoshonwa kwa kamba bila msumari.

Kazi iliyoishinda mizinga ikafanywa na mvua. Jiwe la matumbawe na chokaa hunywa maji. Chuma kikishika kutu huvimba, ukuta ukapasuka. Mwaka 2012 sehemu moja ilianguka. Tukashtuka, tukaunda vikao. Tarehe 25 Desemba 2020 uso wa jumba ukashuka pamoja na mnara, na watu wawili waliokuwa kazini hawakurudi makwao. Hapo sina mzaha.

Jini hajatia saini hati yoyote, Mheshimiwa. Posho ya kikao hapokei.

Sasa jumba linasimamishwa tena kwa msaada wa Oman. Ombi langu dogo: likishapakwa chokaa na utepe ukishakatwa, muajirini jini awe mtunzaji. Kila kabla ya masika apande juu, azibue mifereji ya paa, atazame boriti. Nyumba hataki, nauli hataki. Ila akileta karatasi ya kuomba ndoo mbili za chokaa, tafadhali msimwambie fungu halijatoka, aje wiki ijayo.

Wako mtiifu,
Mla urojo

Nakala: Jini, ghorofa ya juu, upande uliobaki.