Namna ya Kuiondoa Kariakoo Kitandani Kwako

Kariakoo ya zamani ilikuwa na adabu zake. Ilikutaka uoge, utafute nauli, usimame kwenye daladala au ubanane kwenye mwendokasi, kisha upenye katikati ya watu Mtaa wa Kongo huku umebana mkoba kwapani. Mpaka ulifikie duka la mabegi, jua lilikuwa limeshakuhoji vya kutosha: unalihitaji kweli, la mwaka jana limeharibika lini, na nauli ya kurudi ipo? Jioni maduka yalifungwa, ukarudi kwako. Kariakoo ya sasa imehamia chini ya chandarua. Saa tano usiku umejilaza, taa imezimwa, na mtu anakuletea begi mpaka usoni, linang'aa, na juu yake pameandikwa "mzigo mpya umeingia, yamebaki mawili tu". Kabla usingizi haujaja, namba ya siri imeshabonyezwa.

Mwongozo huu ni wa kulirudisha soko hilo lilikotoka. Baadhi ya mambo nitakayokuelekeza yatawachekesha watu wa nyumbani kwako. Waache wacheke, wewe yafanye.

Kwanza umjue unayepambana naye. Mwaka 1999 kampuni ya Amazon ilipewa hataza Marekani kwa kazi ya kumwezesha mtu kununua kwa mbofyo mmoja. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alitengeneza ule ukurasa unaoteremka bila kufika mwisho, na baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia. Watu wenye akili nyingi na mishahara minono wamekuwa wakikesha kung'oa kizingiti kimoja baada ya kingine kati ya jicho lako na pesa yako. Kwa hiyo usijione mdhaifu ukishindwa, maana kuna mtu ameajiriwa ili ushindwe. Kazi iliyobaki ni kuvirudisha vile vizingiti, tena virefu kuliko vya mwanzo.

Anza na laini. Itoe laini yenye pesa kwenye simu janja, uitie kwenye kiswaswadu, kile kitochi cha vitufe kinacholala kwenye droo tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Kitochi chenyewe kiweke kabatini, ndani ya sufuria la pilau, na juu ya sufuria panga sinia na zile hotpoti za wageni. Nasema kwa dhati. Mtu anayetaka kununua begi saa tano usiku itabidi ainuke, atafute kandambili, apapase ukuta, ashushe hotpoti moja moja bila kuamsha nyumba, na akiulizwa "nani huyo jikoni?" awe na jibu. Hotpoti hupiga kelele kuliko dhamiri. Wengi wataishia mlangoni mwa chumba na kurudi kulala, na kwangu huo ni ushindi kamili.

Aliyefanikiwa kukifikia kitochi bado hajashinda, kwa sababu anaikuta menyu. Piga *150*00#, chagua malipo, chagua tena, ingiza lipa namba, ingiza kiasi, ingiza namba ya siri. Ukizubaa inakatika, unaanza upya. Watu wameilalamikia menyu hii miaka mingi, lakini mimi naiona ni mlezi mwema. Kila tarakimu unayoibonyeza kwa kidole gumba ni nafasi ya kubadili mawazo, nafasi ambayo programu ya simu janja, kwa alama ya kidole na picha zake nzuri, imeifuta kabisa. Basi ifute nayo. Ya benki pia, kama kazi yako haikulazimishi kuwa nayo. WhatsApp itaendelea kwa namba ile ile, maana ilishathibitishwa, na bando utaweka kwenye laini nyingine isiyo na salio la kukutia majaribuni. Mama akipiga kutoka kijijini kwa dharura, kitochi kitalia ndani ya sufuria na nyumba nzima itasikia.

Kisha ondoa rangi. Simu nyingi za siku hizi zinakubali kugeuzwa kijivu: kwenye Android utakuta sehemu hiyo katika mipangilio ya muda wa kulala, na kwenye iPhone iko katika mipangilio ya ufikivu, penye vichujio vya rangi. Iwashe jioni, isizimwe mpaka asubuhi. Dera la kijivu halimtoi mtu pesa. Kitenge cha kijivu hata fundi hakitambui. Na kile kitone chekundu cha kukuita, kilichochaguliwa rangi ya damu ili usiweze kukipuuza, kinabaki doa tu.

Sasa tuje kwa wauzaji wenyewe, na hapa nataka tukae kidogo. Muuzaji anayeweka picha na kuandika "bei inbox" anajua anachofanya. Unauliza bei, anajibu "karibu mpenzi". Anakujulia hali. Anakutumia picha nyingine tano ambazo hukuziomba, anakuuliza unaishi wapi ili apange bodaboda, kisha anakupunguzia elfu tano "kwa sababu ni wewe". Sisi tumelelewa kutomwachia mtu maneno hewani. Ukishasalimiwa, ukaitwa mpenzi, ukapunguziwa, kuondoka mikono mitupu kunaonekana utovu wa adabu, na watu wananunua mabegi ili wasiaibike mbele ya mtu ambaye hawajawahi hata kumwona. Simlaumu muuzaji. Naye ana kodi ya fremu na ada za watoto, na biashara ya mtandaoni imewainua wanawake wengi waliokuwa hawana mtaji wa duka. Ninachokataa ni malezi yako mazuri kugeuzwa chambo.

Kwa hiyo asiyeweka bei hadharani usimuulize. Anayeiweka mheshimu, mtunzie namba, na siku ukiwa na haja ya kweli pesa yako iende kwake. Ukijikuta umeshaingia kwenye mazungumzo, jifunze jibu hili mpaka litoke lenyewe: "Asante dada, nimeiona, Mungu akubarikie biashara yako. Nitapita dukani Jumamosi." Litamke ukimaanisha. Jumamosi ikifika na bado unakitaka kitu chenyewe, nenda. Ukisikia uvivu wa kupanda daladala, basi ulikuwa hukitaki kiasi hicho. Wengine wote zinyamazishe status zao usiku huu huu. Hawatapewa taarifa, hutamvunja mtu moyo, na status yenyewe hujifuta baada ya saa 24.

Kuhusu pesa taslimu, nina imani nayo kubwa. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT walichapisha matokeo ya mnada wa tiketi za mpira wa kikapu: walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei iliyozidi maradufu ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi zilikuwa zile zile. Pesa isiyoshikika haiumi inapotoka. Kwa hiyo nenda kwa wakala mara moja kwa wiki, toa pesa ya matumizi yote madogo, uione kwa macho. Msimbazi, ile noti nyekundu ya elfu kumi, ina tembo. Elfu tano ina faru. Elfu mbili ina simba. Ukitoa tembo mzima na kurudishiwa simba mmoja, mwili wenyewe unaelewa kilichotokea. Ujumbe wa muamala hauna mnyama.

Mwezi Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, na kwa miamala mikubwa ilifika shilingi 10,000. Kilio kilikuwa kikubwa, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Siitetei tozo ile, iliyomkamua mtu anayemtumia bibi yake hela ya dawa. Lakini kila aliyeishi kipindi kile anakumbuka jinsi watu walivyogeuka wahasibu, wakisimama na simu mkononi na kujiuliza kama muamala huu una ulazima. Irudishe hali hiyo nyumbani kwako bila kumuumiza bibi. Kila kilichonunuliwa kupitia simu bila kuandikwa kwanza kwenye orodha ya nyumba kitozwe asilimia kumi, taslimu, iingie kwenye kibubu. Mkusanyaji wa tozo awe mtoto wa darasa la tano. Mtoto wa umri huo hasahau deni, hajui kupindisha hesabu kwa huruma, na anapenda sana kumdai mtu mzima mbele ya wageni.

Mikopo ya simu siichezei. Zamani kuishiwa kulikuwa ukuta: salio likifika sifuri, begi linabaki kwa mwenyewe. Kenya, tangu 2019, Fuliza inakamilisha muamala ambao salio lako halikuutosha, na Tanzania ipo Songesha inayofanya kazi hiyo hiyo. Zimewaokoa watu usiku wa hospitali, hilo nalikubali kwa moyo wote. Ila huduma ya kukuvusha kwenye dharura haichagui, inakuvusha na kwenye begi, na kesho mshahara ukiingia unakatwa kabla hujauona. Kama huna tabia ya kuitumia kwa dharura tu, omba uondolewe. Na zile programu za mikopo ya dakika mbili, zinazotaka ziruhusiwe kusoma majina yote kwenye simu yako, zifute leo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Watu wametumiwa ujumbe wa kudhalilishwa mpaka kwa wakwe zao kwa sababu ya deni dogo. Hakuna kiatu chenye thamani hiyo.

Simu janja nayo ilale sebuleni. Saa tatu usiku ichomekwe chaji mbali na chumba, na saa ya kukuamsha nunua ya mezani. Mikono itawasha siku za mwanzo. Ipe bao, ipe nywele za binti za kusuka, ipe njegere za kumenya.

Halafu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, fanyeni ukaguzi. Shusheni hotpoti, kitoeni kitochi, kaeni wawili au nyumba nzima, na mmoja asome kwa sauti ujumbe wa malipo mmoja baada ya mwingine: kiasi, jina la aliyelipwa, saa. Saa ndiyo isomwe kwa mkazo. Mwingine ainuke akakitafute kitu chenyewe, akilete mezani, aseme kimetumika mara ngapi. Luku, ada, maji na dawa zipite bila maswali. Kilichonunuliwa baada ya saa nne usiku kiletwe hata kama bado kimo kwenye mfuko wake wa plastiki. Na kitu kisichopatikana ndani ya robo saa, namba ya muuzaji wake inafutwa hapo hapo, mbele ya mashahidi, na mkusanyaji wa darasa la tano anaandika tozo.