Ndege Ipo, Anga Hakuna

Tangu droni iingie nyumbani kwangu, kitu pekee kilichopaa ni gharama.

Na wazo lenyewe halikuwa langu. Kamati ya harusi ya binti wa kaka yangu ilikutana sebuleni kwangu, ikanywa chai yangu, ikamaliza mahamri yangu, kisha ikakata shauri kwamba mpiga video anatunyonya. Picha za chini zina bei yake, picha za juu zina bei nyingine, na hiyo ya pili ingemtosha mtu mahari. Katibu wa kamati, kijana asiyechanga hata shilingi lakini kalamu haimtoki mkononi, akasema: "Kwani droni ni pesa ngapi? Ami anunue moja, ibaki mali ya ukoo." Wote wakaitikia amin. Mali ya ukoo kwetu Mombasa maana yake inajulikana: wa kutumia ni wote, wa kulipa ni wewe.

Dukani nikapokewa na kijana mwenye ulimi wa asali. Akanitolea kidude cha kijivu kilichokunja miguu, kinaenea kiganjani, akaninong'oneza, "Mzee, hii ni gramu 249." Nikamuuliza kwa nini wasimalizie ziwe 250 tukajua moja. Akacheka cheko la kibiashara. Baadaye ndipo nikaelewa. Huko Marekani na Ulaya sheria hulegea kwa droni iliyo chini ya gramu 250, ndiyo maana watengenezaji wake, DJI, wakaikondesha hadi ikapita chini ya kamba. Ujanja mzuri, ila ni wa kwao. Kenya hupanga shughuli za droni kwa hatari yake, daraja A, B na C, na hata hiki changu chepesi kinatakiwa kisajiliwe. Gramu moja niliyouziwa kwa mbwembwe imeniletea nini? Hakuna.

Nikadhani nikishalipa naondoka. Wapi! "Na betri za ziada, mzee?" Boksi limeandikwa dakika 34 za kuruka. Dakika hizo, kumbe, ni za hewa iliyotulia, chombo kikienda mwendo wa kuridhisha wapimaji. Ukiirusha ufukweni kusi likivuma, betri nusu inakwisha kwa kupigana na upepo tu. Basi betri mbili zaidi. Betri zikiwa tatu zinataka chaja ya kuchaji tatu. Vyote hivyo vinataka mkoba. Kamera inataka kadi ya memori, nayo haimo ndani ya boksi, na si kadi yoyote tu, lazima iwe ya mwendo wa kasi. Lenzi nayo inataka miwani ya jua. Miwani ya jua! Mimi mwenyewe natembea Digo Road saa saba mchana nikikunja macho.

Halafu akaleta mkeka.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Mkeka wenyewe ni wa nailoni, wa duara, rangi ya chungwa upande huu na buluu upande ule, katikati herufi H kama uwanja wa helikopta. Kazi yake ni droni itulie juu yake, mchanga usiingie kwenye mota. Sasa mimi ni mtoto wa mkeka. Nimezaliwa juu ya mkeka, nimefundishwa alifu juu ya mkeka, na marehemu mama alikuwa akisuka ukindu huku akitugombeza bila kuangalia mikono yake. Nikamwambia kijana, mikeka kwangu imejaa, nitaitandikia mmoja. Akatikisa kichwa kwa huruma: "Ule nyuzi zake zitaingia kwenye mapanga, mzee." Nikalipa. Kwa bei ya mkeka ule ningetandika ukumbi wa harusi mlango hadi mlango.

Nyumbani, kabla ya kuruka, chombo kikadai intaneti ili kijitambulishe kwa waliokiunda. Kikadai programu mpya, bando la wiki likaliwa lote nikitazama mstari wa kijani ukitambaa. Kisha kikataka dira yake irekebishwe. Yaani unakishika kwa mikono miwili, unazunguka nacho pale ulipo mduara mzima, halafu unakisimamisha wima unazunguka tena. Nilifanya hivyo uani, juani, na kofia yangu kichwani. Jirani akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama wamenipeleka kwa mganga au ndiyo kwanza pepo ananipanda.

Mapanga nayo hufungwa kwa skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Moja iliangukia zuliani. Iko zuliani hadi leo.

Basi nikakaa barazani na droni yangu mapajani, watu wakiisifu, hadi mpwa wangu aliyesoma akauliza swali ambalo muuzaji hakuniuliza: "Mjomba, una karatasi?" Karatasi gani? Akanifungulia simu. Kanuni za kwanza za droni nchini zilitungwa 2017, Bunge likazifuta 2018, zikaja nyingine 2020, na hizo ndizo zinazotuongoza sasa chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwenye droni awe na miaka 18 au zaidi. Droni isajiliwe. Ukiiagiza kutoka nje unatafuta kibali kabla haijafika. Ukimwambia shemeji aliyeko Doha akufichie kwenye begi, forodhani watampokea kwa bashasha na droni itabaki nao. Na ukiirusha kwa kazi ya malipo, unahitaji leseni ya rubani pamoja na cheti cha mwendeshaji.

Kimo ni futi 400, yaani kama mita 120. Hapo sina neno, mimi mwenyewe naogopa ngazi. Lililonivunja mgongo ni kilomita 10. Hairuhusiwi kurusha ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege bila idhini. Mpwa akachora duara kwenye ramani, kalamu yake ikaanzia Uwanja wa Moi kule Port Reitz, ikaja, ikaja, ikameza Changamwe, ikavuka maji, ikameza Kilindini, ikameza Majengo pamoja na baraza tuliyokalia na kahawa yetu. Kisiwa karibu chote kimo ndani. Hata duara hilo lingeondolewa, bado kuna bandari, kuna Ikulu, na ng'ambo ya pili kuna jeshi la wanamaji pale Mtongwe, ambao nadhani hawapendi kupigwa picha kwa kushtukizwa.

"Twende Bamburi," nikasema, "tukarushe baharini." Mpwa akanitazama. Bahari ile ni hifadhi ya taifa ya majini, iko chini ya Shirika la Wanyamapori. Unahitaji ruhusa yao pia. Kumbe hata pweza ana mlinzi wake, mimi ndiye sina.

Harusi yenyewe je? Chombo kisisogee ndani ya mita 50 ya mtu au jengo, wala kisipite juu ya umati bila ruhusa. Nendeni mkapime mita 50, kisha mtazameni bwana harusi. Joho hulioni, jambia hulioni, hujui kama ni yeye au ni mpambe wake. Kamati ya harusi ilipoambiwa, katibu akapendekeza wageni wapunguzwe. Wageni! Watu ambao michango yao ndiyo inalipa pilau!

Na hata kama mamlaka zote duniani zingeniruhusu, bado kuna dada yangu mkubwa. Huyu hakuchapishwa kwenye gazeti la serikali, lakini kanuni zake hazijawahi kufutwa na Bunge lolote. Alinijia akiwa na mwiko mkononi. "Sikiliza, ndugu yangu. Usiku wa kupamba simu zote zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Watu wamevua mabuibui, wamejitia vito, wanacheza. Hilo jicho lako likichungulia uani kwetu, nalipiga na mwiko huu, na mwenyewe simsazi." Sheria ya Kenya ya kulinda data ni ya 2019. Ya dada yangu ni ya tangu jadi, na haina rufaa.

Juu ya hao wote kuna kunguru. Shirika la Wanyamapori lilitangaza 2024 kwamba linataka kuangamiza kunguru milioni moja. Wageni hawa kutoka India wamezidi huku Pwani, wanakula hadi vifaranga. Waliobaki, kwa tathmini yangu, wote wanaishi kwenye mwarobaini wetu. Nilipoiwasha droni ikiwa bado chini, mapanga yakizunguka tu bila kupaa, walikusanyika kwenye ukuta wakaanza kujadiliana. Sikupenda sauti za kikao kile.

Kuhusu leseni, nimeulizia. Inafundishwa katika vyuo vilivyoidhinishwa: sheria za anga, hali ya hewa, namna chombo kinavyoruka, kisha mtihani wa vitendo. Bei ya kozi ilinifanya nikae. Nimeuza maduka, nimelea watoto, leo nianze kufundishwa mawingu?

Lakini niseme ukweli wangu. Sheria sina ugomvi nayo. Ndege zinazoshuka Port Reitz zimebeba watoto wa watu, na sitaki betri yangu iingie kwenye injini yao. Ugomvi wangu ni na wenye maduka. Yule kijana alijua bei ya miwani ya lenzi na madhara ya nyuzi za ukindu. Neno moja tu lilimpita: kusajili. Jamani, bandikeni karatasi kwenye kabati la kioo. Andikeni kwa herufi kubwa: kilomita 10, mita 50, futi 400, na jina la ofisi ya kwenda kabla ya kutoa pesa. Mkiogopa kupoteza wateja, basi mnajua mnachofanya.

Kamati imerudi kwa mpiga video yule yule, ambaye kumbe ana leseni, ana cheti na ana bima. Bei yake ameiongeza. Droni yangu ipo kabatini, imesajiliwa, ina afya njema. Mkeka wa kutulia nauuza, haujatuliwa na kitu. Anayeutaka anipate barazani Majengo baada ya Alasiri.